Watoto Wote wa Marehemu

…na chumvi tena, jamani, pilau Arafa ameionja mwenyewe ikiwa jikoni, imekolea, lakini kaka mtu anapaza sauti mbele ya wageni waliokuja kumposa bintiye Shamila, "Arafa! Tuletee chumvi huku!", na Arafa amesimama nyuma ya pazia, kibakuli cha chumvi mkononi, hakipeleki, kwani huyu kaka Hamidi hakuwapo siku ile Dar, hakukaa naye benchi moja mbele ya daktari? baba keshazikwa, shangazi keshazikwa, wote wawili saratani ya figo, daktari akawaeleza taratibu kama anayesemesha watoto, jambo hili linaweza kutembea kwenye damu ya ukoo, si lazima mpate, ila hatari yenu ni kubwa kuliko ya wengine, basi acheni sigara, punguzeni chumvi na unene, pimeni presha, na watoto wote wa marehemu waje wapigwe picha ya figo, Hamidi akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, wakatoka getini na hapohapo akawasha sigara, lo!... enzi za foleni za madukani sigara ilikuwa ya kubahatisha, sasa ruksa, maduka ya Chang'ombe ya huku kwetu, si ya Dar, yamejaa pakiti za kila rangi, na yeye utadhani ameapa kuzimaliza… "Sasa Bwana Hamidi," ni Mzee Zaidi huyo, babu wa kijana anayeposa, "usituone wadadisi, ndiyo mila, kwenu hakuna maradhi ya ukoo? Kifafa, nini…" na Hamidi anacheka, anacheka! "Sisi? Wazima kabisa, alhamdulillahi," mwongo mkubwa wee, na ule mkojo mwekundu aliouacha juzi kwenye sakafu ya choo, Arafa alipomuuliza akasema kichocho tu hicho, dada, si unajua tulivyoogelea bwawani Hombolo, kichocho! neno lilelile la baba, baba naye alisema kichocho, akabugia vidonge vya kichocho mpaka uvimbe ukawa unashikika kwa mkono, na huyu Hamidi, wa kushinda dukani kwake, ameogelea lini mara ya mwisho, ati… na Shamila ataolewa, atazaa, watoto wake nao waje waambiwe kichocho?... alifungue pazia aseme? hapana, fedheha hiyo, wataondoka na posa yao, basi Jumatatu, Jumatatu atamshika kanzu amburure mpaka hospitali apigwe hiyo picha, akatae aone, daktari alisema watoto wote wa marehemu, wote, Hamidi na… na nani, baba alizaa wangapi, alizaa wawili tu, Hamidi na… Arafa anakitazama kibakuli, chumvi inamwagika pembeni, ya Rabi, tangu msiba anamfokea mtu sigara, chumvi, presha, na yeye hajakanyaga mlango wa kupimia, kwani figo alizonazo ni za jirani? mwili umejaa hadi magauni ya mitumba yanamkataa, presha yake haijui, eti kwa kuwa havuti, mjinga wewe Arafa, unaogopa, ndiyo, anaogopa, anaogopa vibaya, kelele zote zile ni woga… "Arafa! Hiyo chumvi unaichimba?" wageni wanacheka, pazia halijasogea, naye bado amesimama palepale, haya, cheka kaka, cheka, Jumatatu tunakwenda wote wawili, na atakayepanda kwanza kitandani kwa daktari ni mimi.