Bati la Vernell

Jumanne asubuhi Vernell Tolliver, mpishi wa shule ya msingi kaskazini mwa Louisiana, alikuwa jikoni kwake nyumbani anakoroga uji wa mahindi pale jua lilipoingia kwenye sufuria. Akatazama juu. Bati moja la paa halikuwepo. Akajua mafundi wa pwani wameanza kujenga tena.

Hii ilikuwa mara ya sita. Kila kimbunga kilipomeza nyumba ya mapumziko ya daktari wa meno Clovis Hebert, bima ya serikali iliijenga upya, pale pale ufukweni. Alichochangia Hebert kilitosha ngazi tu. Vilivyobaki vilitoka kwenye nyumba za walipa kodi: mlango huku, mbao kule. Mwaka jana Vernell alitoa mlango wa bafu. Jirani yake alitoa nusu ya uzio.

Mkaguzi wa bima alikuja na futi yake, akapima tundu.

“Bati ni lako, mama. Nimeliona kule.”

“Basi lirudisheni.”

“Haiwezekani. Nyumba yenye bima lazima irudi ilivyokuwa.”

“Na mimi nikatieni bima.”

“Ya nini? Uko mlimani. Mafuriko hayafiki huku.”

“Yamefika mpaka jikoni, baba. Yanakuja bila maji.”

Mkaguzi akaandika: Hakuna maji.

Mwezi wa nane, baada ya kimbunga kingine, chumba cha kulala cha Vernell nacho kiliondoka, na kitanda chake. Vernell akahamia kwenye kochi la jikoni. Jumamosi akawasha gari, akaendesha kwa muda wa saa tano hadi baharini.

Hebert alikuwa barazani anamenya kamba wa baharini.

“Karibu, dada! Kula.”

“Kile chumba ni changu.”

“Najua. Wageni wangu wanakisifu sana. Godoro tu ndilo gumu.”

“Kwa nini usijenge mbali na maji, wewe mtu?”

“Nikijenga hapa, nalipiwa. Nikihama, silipiwi hata msumari. Ungekuwa wewe ungehama?”

Vernell alifikiri kwa haki kabisa. Akala kamba wawili.

Redio ikatangaza kimbunga kingine, kitakachofika Alhamisi. Hebert akapakia fimbo zake za gofu kwenye gari.

“Huzibi madirisha?” Vernell akauliza.

“Ya nini kujichosha? Itajengwa.”

Vernell akahesabu alichobakiwa nacho kule mlimani: jiko, basi. Akaomba nyundo. Alipokuwa anapigilia plaiwudi, magari mengine yakaingia kutoka bara. Mzee mmoja alizunguka nyumba mpaka akaona dirisha lake, akaanza kulipigilia. Mchungaji akafunga kamba mlango wa kanisa lake. Hakuna aliyeuliza mwenzake amefuata nini. Hebert akapiga honi.

“Mkimaliza fungeni geti, jamani!”

Walifunga geti. Alhamisi bahari iliichukua nyumba kwa dakika ishirini, na geti likiwa limefungwa.

Wiki tatu baadaye Vernell alikuwa anakoroga uji juu ya mawe matatu uwanjani. Mkaguzi akafika na futi yake, akatafuta mahali pa kuishikiza, akakosa.

“Jiko lilikuwa hapa?”

“Hapo uliposimama.”

“Sasa linatazama bahari, mama. Limependeza.”

Akainama, akagusa ardhi kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Akaandika: Hakuna maji.