Msalaba wa Majivu Kwenye Kiti cha Kinyozi

…na taulo lilikuwa tayari mkononi, la moto, limekamuliwa, lakini ule msalaba wa majivu ulikuwa katikati ya paji la uso wa kaka yake, na kinyozi akasita, maana mkono wake kwa miaka kumi na tisa haujui kazi nyingine baada ya wembe ila kupangusa, leo tu umeshamfutia majivu mteja mmoja kabla hajatanabahi, yule akacheka, fundi, umenimalizia Kwaresima siku ya kwanza… ila huyu si mteja, huyu hajakanyaga hapa miaka mitatu, tangu makaburini, aliposema mbele ya padri na watu wote, mama amekufa mimi sijaitwa, wewe si ndugu yangu, na leo kaingia na majivu yake, "Nipunguze," basi, akakaa, akafumba macho, na kinyozi akakitazama kichwa kile kama kichwa cha mtu baki, upara unaanzia hapa, mvi pale, kovu lile nyuma ya sikio, kovu la kuanguka akiwa amembeba yeye mgongoni, hakumwachia, aliangukia kichwa ili mdogo wake asiumie… "Fundi, taulo linapoa hilo," alisema mzee aliyesubiri kwenye benchi, "na nywele zako mwenyewe hizo vipi? Kweli kinyozi hajinyoi," redio ikawa inasoma matokeo ya mpira, na kinyozi akatabasamu kwa adabu, hajinyoi, ndiyo, kila siku wanamwambia… alfajiri padri alimpaka na yeye majivu, kumbuka u mavumbi, naye akaitikia moyoni, sawa, nimeacha bia, nimeacha sukari, hadi Pasaka, mfungo mwepesi kweli, bia haijawahi kumuuliza swali, aliyeuliza ni mama, siku zake tatu za mwisho kitandani, "Kaka yako umempigia?" naye, "Nimempigia, yuko njiani," simu iko mfukoni, haijapigwa, na watu baadaye aliwaambia mtandao ulisumbua, wakamwamini, hata kwa padri hajawahi kulisema, kila Kwaresima anaungama hasira, anaungama uvivu wa kusali, hili analiruka kama dimbwi… na wala hakusahau, alitaka mara moja tu, yeye kitindamimba, awe mtoto pekee chumbani, mkono wa mama uwe wake peke yake, akaupata, ulikuwa mkavu na mwepesi, na mama hakumtazama yeye, alitazama mlango, siku tatu alitazama mlango, hadi macho yakabaki hapo hapo… haya aliyaona sasa bila kutetemeka, yalivyo, na akaona pia kwamba kwa miaka mitatu amejiita mtu aliyetukanwa makaburini, kumbe alichoambiwa kilikuwa kweli, ile "sijaitwa", na mwenye kweli amekaa hapa, shingo wazi, amemwamini kwa wembe… akalipitisha taulo pembeni mwa majivu, taratibu, kushoto, kulia, bila kuyagusa, likiwa limeshapoa, na kaka akasema, macho bado yamefumbwa, "Yafute tu, nimeshasali," kinyozi akasema, "Hapana, yaache," akanyoosha mkono akazima redio, mzee wa benchi akainua kichwa, "Umemaliza?" akauliza kaka, na kinyozi, taulo baridi mkononi, akamjibu, "Bado, kaka. Mama alikuulizia."