Mistari Niliyojichorea

Wifi yangu ana saluni, na kwa sababu ana saluni anaamini hakuna ngozi duniani inayoweza kumshinda. Siku nilipomwambia nimeanza mionzi ya saratani ya titi alinipa pole, akalia kidogo, kisha akauliza ninapaka nini.

"Ninachopewa na nesi tu. Katukataza manukato, poda na dawa za kwapa. Naoga maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na harufu, najikausha kwa kubonyezabonyeza taulo, napaka krimu yake, basi."

"Ndiyo maana umekauka hivyo, wifi yangu."

Tukaenda hivyo karibu wiki nne, yeye na makopo yake ya mafuta, mimi na msimamo wangu. Mimi ni fundi cherehani. Nilijishonea blauzi pana za pamba zisizobana kwapani, nikawa naenda zangu hospitali kila asubuhi kama mtu anayewahi kazini. Kati ya siku ishirini na tano nilikuwa nimemaliza kumi na tisa. Hapo ngozi ikawa nyeusi tii, ikaanza kuwasha, na mkunjo wa chini ya kwapa ukachubuka mpaka ukawa mwekundu. Sikumwambia mtu. Mwanamke mmoja wa zamu yetu alikuwa amesimamishwa matibabu kwa sababu ya vidonda, na mimi nilitaka kumaliza. Niliona kila siku ya kusimama ni siku ya ugonjwa kujipanga upya. Niliogopa, hilo ndilo neno lenyewe.

Hofu ikanilegeza. Jumapili wifi akaja na kopo jipya, nikamwachia. Akapaka, akasugua, akapaka tena. Chumba kizima kikanukia bibi harusi. Dakika kumi za kwanza nilisikia raha, kisha ikaanza kuchoma. Nikakimbilia bafuni kujimwagia maji, na kwenye kioo nikaona balaa lingine: mistari waliyonichora hospitali, ile ya kuonyesha mashine ipige wapi, imetoka na mafuta.

Mtu mwingine angepiga simu. Mimi nilichukua tepu ya kupimia. Alama zilikuwa bado zinaonekana kwa mbali, nami nimechorea watu mabega na makwapa miaka ishirini na miwili. Langu mwenyewe litanishinda? Nikaweka rula, nikachora kwa kalamu ya wino usiofutika. Kazi ilitoka safi. Nilijisifu, Mungu anisamehe.

Jumatatu nikalala kwenye kitanda cha mashine, mkono nimeupitisha juu ya kichwa. Dada wa mashine akainama, akainuka, akainama tena.

"Mama, hii kaichora nani?"

"Si nyie?"

"Sisi hatujawahi kuchora vizuri hivi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alipima upya kwa kufuata picha zake, akaniambia nimekosea kwa upana wa kidole. Kwenye gauni, kosa la kidole kimoja ningelifumua kabla ya chai ya saa nne. Hapa lingepeleka mionzi pembeni ya palipokusudiwa, siku sita mfululizo. Kicheko kikaniishia mdomoni, nikamweleza yote, hadi kidonda.

Daktari akaitwa. Akatazama, akasema nipumzike siku tatu.

"Ungetuonyesha kilipoanza kuchubuka, tungekihudumia mapema, na pengine usingepoteza hata siku moja," akasema.

Hakusema kwa ukali, na afadhali angefoka. Kile nilichokikimbia nilikuwa nimejiletea kwa mikono yangu.

Nesi akanipeleka chumba cha pembeni. Wifi, aliyekuwa amenisindikiza, akatufuata huku amekumbatia mkoba wake. Nesi akasafisha kidonda taratibu, akakifunika kwa bandeji laini isiyoganda kwenye ngozi.

"Inauma, mama?"

Tangu niugue nilikuwa nalijibu swali hilo kwa namna moja. Mume wangu nimemwambia kidogo tu, watoto kidogo tu, mpaka wateja wangu wa mashati, kidogo tu. Nikafungua mdomo niseme vilevile.

"Inauma sana," nikasema, nikaangua kilio.

Wifi akaweka mkoba chini.

"Nesi, nimpake nini?"

"Usimpake kitu. Mshike mkono."

Akanishika. Akakaa hivyo mpaka nesi alipomaliza, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa na kaka yake, hakunishauri neno.