Mkaza Mwana wa Saa Mbili na Nusu

Muuza samaki wa soko la To Kwa Wan alimchagulia Ngai Sau-king samaki aliyekwisha kufa, akamtia kwenye mfuko mbele ya macho yake, huku walio hai wakirukaruka kwenye beseni. Sau-king alipouliza kulikoni, yule bwana alimjibu kwamba samaki hai ni wa watu wanaotunza wazee wao. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mmoja akamwita kwa jina lake la kwenye tivii.

Kwenye tivii Sau-king alikuwa mkaza mwana wa ukoo wa Mok. Tamthilia ile ilionyeshwa kila jioni saa mbili na nusu, na Hong Kong nzima iliitazama ikila chakula cha jioni, kwa kuwa ilizungumza habari zao wenyewe: mitaa ya zamani inayobomolewa kupisha maghorofa, watoto wanaofungasha kwenda Uingereza, wazee wanaobaki na funguo za nyumba ambazo hazipo tena. Kwa miaka kumi na moja Sau-king ndiye aliyekuwa mbaya wa hadithi hiyo. Mwezi wa kumi alimpeleka mama mkwe wake wa kwenye tivii katika nyumba ya wazee, akamwacha mlangoni na kumwambia kwa macho makavu kwamba hamtaki na wala hatarudi kumchukua. Watu walipiga simu kituoni kutukana mpaka laini zikaelemewa. Bwana Sit, mtayarishaji, alimpa mkono na kumwambia hajawahi kuigiza vizuri namna ile.

Kesho yake mama yake mzazi alikataa kula.

Mama huyo, Tou Yuet-ngo, alikuwa na miaka themanini na mitatu, na tangu mwezi wa saba alikuwa akiishi katika nyumba ya wazee ya Hung Hom. Sau-king alimpelekea supu kila alasiri, akitoka kurekodi. Mama alikuwa akiinywa, tena akiomba ya kuongeza. Sasa alifumba mdomo na kugeukia ukutani kila kijiko kilipomkaribia. Kwa wahudumu alikubali vijiko viwili vitatu, akatema cha nne. Alikonda hadi pete ikaanza kumvuka kidoleni.

"Usiumie, dada," Ping, mhudumu wa zamu ya mchana, alimwambia. "Anadhani wewe ndiye yule wa kwenye tivii. Hapa wote wanakuogopa. Bibi wa kitanda cha nne ukiingia anaficha kandambili zake."

Tuseme ukweli: maneno yale yalimpoza Sau-king. Ni nani asiyependa kosa lake ligeuke kipaji? Alisimulia mkasa huo kwenye chumba cha vipodozi, machozi yakimlengalenga, na wasichana wa kupaka poda wakamwonea huruma. Gazeti moja la udaku likaandika kwamba anaigiza vizuri mpaka mama yake mzazi anamkimbia. Alilikata lile gazeti na kulihifadhi.

Asichosimulia ni namna mama alivyofika Hung Hom. Alimwambia dari ya nyumba yake inatengenezwa, wiki tatu tu, akamfungia begi moja dogo. Mama alikuwa amekaa pale ghorofa ya sita kwa miaka arobaini na sita, akipanda ngazi kwa miguu yake. Wakati begi linafungwa, Sau-king alikwisha kutia saini kwa niaba yake, kwamba wanahama na jengo livunjwe. Alikusudia kumwambia. Mama alipouliza habari za dari, alijibiwa kwamba mafundi wana uvivu. Nyumbani kwa Sau-king kulikuwa na chumba kitupu, kitupu kwa maana ya kwamba kilijaa viatu.

Wiki ya pili daktari alisema Ijumaa ndiyo mwisho. Kama mama hali, atawekwa mpira wa kulishia puani, na mikono itafungwa kitandani asiuchomoe. Hapo Sau-king akaona maji yamemfika shingoni. Alikwenda kwa Bwana Sit kumsihi amwandikie yule mkaza mwana sehemu ya kutubu, mama aione. Bwana Sit alicheka, akamwambia siku atakayotubu watu watazima tivii wakalale. Mwenye huruma kwenye tamthilia alikuwepo tayari, naye analipwa kwa kazi hiyo.

Mwenye huruma alikuwa Kiu Pui-shan, aliyeigiza binti mwema wa familia ya Mok. Miaka minne Sau-king alikuwa hampi hata salamu. Sasa alimfuata kwenye gari lake na kumwomba amlishe mama, kisha amwombee msamaha. Pui-shan alikubali, ila alitaka arekodi kwa simu yake, mashabiki wake waone. Sau-king akameza hilo nalo.

Alhamisi wakaenda. Wazee walipomwona Pui-shan walipiga makofi, wakasogeza viti vyao vya magurudumu kumzunguka, na bibi wa kitanda cha nne alimshika mkono akakataa kuuachia. Sau-king alijibanza nyuma ya pazia la kitanda cha jirani. Supu ilikuwa yake, ya miguu ya kuku na karanga, aliyoichemsha tangu alfajiri. Alimsikia mama akimeza. Alishukuru, na papo hapo alimchukia Pui-shan mpaka meno yakamuuma.

Bakuli lilipofika nusu, Pui-shan alisema kama walivyopatana. "Bibi, supu hii kaipika mwanao. Yule mbaya wa kwenye tivii ni maigizo tu. Mwache aje akulishe."

Mama akajifuta mdomo. "Unadhani mimi chizi, mwanangu? Nilimpeleka mwenyewe kwenye usaili wake wa kwanza. Maigizo nayajua."

Pui-shan akashusha kijiko. Hili hakuna aliyemwandikia.

"Yule wa kwenye tivii ana afadhali," mama akaendelea, bila haraka. "Kamwambia mwenzake usoni, sikutaki. Yule bibi akalia yakaisha. Nilimwonea wivu. Mimi wangu kila siku mafundi, mafundi. Na kwenye kipindi kile kile kamera yenu ilipita mtaani kwetu. Nikatafuta dirisha langu. Nikaona shimo, limezungushiwa mabati."

Sau-king aliikumbuka ile picha. Alikuwepo wakati inapigwa, amesimama mbele ya yale mabati na mwavuli, akirudia mistari yake. Haikumpitia akilini kwamba mama naye ana macho.

"Atoke huko nyuma ya pazia," mama akasema. "Poda ya studio inanukia mpaka hapa."

Alitoka. Machozi yalikuja upesi, kama yalivyozoea kuja akiyahitaji, na mama akamwambia hayo akayatumie kazini. Simu ya Pui-shan bado ilikuwa juu.

"Nyumba ipo?"

"Haipo, mama."

"Na kwako kuna nafasi?"

Angeweza kusema baada ya mwaka mpya. Angeweza kusema lifti ni mbovu. Sentensi zilimjia nyingi, zote nzuri, na mama alikuwa akimtazama usoni akingoja aone atachagua ipi. Sau-king aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mkono wa mama uliokuwa juu ya shuka ulikuwa mwembamba, na kesho ungefungwa.

"Chumba kipo," alisema. "Sitaki tu uje."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa mzigo wake uliochelewa. Kisha akaelekeza kidevu kwenye bakuli.

"Haya. Nilishe, inapoa."

Sau-king alikaa ukingoni mwa kitanda na kuchukua kijiko kutoka kwa Pui-shan. Kijiko cha kwanza kilimwagikia shuka. Mama alifungua mdomo, akatafuna, akameza, akafungua tena, macho yake yakiwa kwenye dirisha. Alikula mpaka bakuli likaisha. Mpira wa puani haukuhitajika tena.

"Asante, dada," mama alimwambia, kwa upole ule ule aliowapa wahudumu wote wa zamu, akageuka alale.