Chupa Iliyosuuzwa Mara Tatu

Mkaguzi alifika Jumanne akiwa na chupa zake mwenyewe, na hilo peke yake lilitosha kunipandisha nyongo. Katika miaka kumi na tisa niliyochota sampuli kwenye mamlaka yetu ya maji, wakaguzi wote waliotumwa na mdhibiti walikaa ofisini, wakanywa chai, wakafungua mafaili, wakaona saini yangu kila ukurasa, wakaenda zao. Huyu, binti wa rika la mwanangu, aliyasukuma mafaili pembeni akasema twende wote mitaani, kila mmoja achote maji yake kwenye koki ileile, halafu tulinganishe. Kibali cha mamlaka kilikuwa kinaisha mwezi ule, na bila ripoti yake kisingefanywa upya.

Watu huniita Mama Chupa, na jina hilo sijawahi kulichukia. Kila wiki napita vituo kumi na viwili, kuanzia tangi la juu hadi kioski cha mwisho kule bondeni. Najaza chupa, naipanga kwenye kisanduku cha barafu, naipeleka maabara. Wengine huchota kama wanaokimbizwa. Mimi chupa yangu naisuuza kwanza kwa maji ya bomba, mara tatu, naitikisa na kumwaga, ndipo naijaza. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba sahani ya mgeni naikimbiza kuiosha mgeni akiwa bado anatafuna. Kwa miaka miwili njia yangu haikutoa jibu baya hata moja, na mwaka jana nilipewa cheti mbele ya wafanyakazi wote. Kilemba cha ukoka kizuri kuliko kile sijapata kuvikwa.

Lakini Jumanne ile akili yangu haikuwa yote kazini. Asubuhi na mapema mwanangu alikuwa amenipigia simu. Anakaa bondeni, nyumba ya tatu kutoka kioski cha mwisho, na mtoto wake alikuwa na wiki saba tu. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kutia huruma, na maziwa ya mwanangu yalikataa kutoka, kwa hiyo alikuwa akinywa ya kopo. Sasa alikuwa ameanza kuharisha. Nilimsema mwanangu, nikamwambia haioshi vizuri chupa ya mtoto. Akajibu kwamba anaiosha. Zahanati walikuwa wamempa pakiti za chumvi na sukari, anazichanganya na maji na kumnywesha mtoto kwa kijiko. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua atagombezwa, kama aanze tena kuchemsha maji.

Mwezi uliotangulia nilimkuta jikoni anachemsha huku anasinzia, nusura ajimwagie sufuria nzima miguuni. Jiko nililizima mwenyewe. Nilimwambia maji ya bomba lile nayapima kwa mikono yangu, asijitese bure. Basi na asubuhi ile nikamjibu vilevile, tena kwa ukali kidogo, kana kwamba alikuwa ameutilia shaka uzazi wangu.

Kwenye kioski cha mwisho mkaguzi alinipisha nitangulie. Nilifungua chupa yangu, nikasuuza mara tatu, nikajaza. Alinitazama na hakusema neno. Ilipofika zamu yake, alifungua tu, akajaza, akafunga. Hakusuuza hata mara moja. Nilicheka moyoni. Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, nikamwambia yule binti wa mdhibiti kagusa mdomo wa chupa kwa kidole. Kusema kweli sikuwa na hakika. Nilisema kwa sababu alinikera.

Meneja ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ofisini tunaitana kwa vyeo, milango ikifungwa tunaitana kwa undugu. Aliliandika neno langu kwenye daftari lake, akashukuru.

Sampuli hulala kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Kama maji yana vijidudu vya kinyesi, vinaota kwenye visahani na kuonekana kama vidoti vya bluu. Jumatano saa nne asubuhi fundi wa maabara alivitoa visahani, akavipanga mezani safu mbili, vyangu huku na vya mkaguzi kule. Vyangu vyote kumi na viwili vilikuwa vyeupe. Vya mkaguzi kumi na kimoja vilikuwa vyeupe pia. Cha kumi na mbili, cha kioski cha bondeni, kilikuwa bluu tupu. Fundi alihesabu hadi sitini, akaiweka kalamu chini.

Nilikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Nilisema ndiyo matokeo ya mikono michafu, kwamba anayetaka kupima maji ajifunze kwanza kushika chupa. Mkaguzi hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Alivuta kiti, akakaa, akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mama, jana chini ya chupa yako kulikuwa na unga mweupe kidogo. Uliupeleka wapi?"

"Vumbi la stoo? Nililimwaga. Ndiyo maana nasuuza."

"Lile si vumbi. Ni dawa."

Akaeleza, taratibu, na mimi nikasikia kila neno. Maji yetu yana klorini. Ukiyafungia kwenye chupa, klorini haiachi kazi. Inaendelea kuua vijidudu njia nzima, na mpaka chupa ifike maabara, maji yaliyotoka bombani machafu yamekuwa safi. Unga ule kazi yake ni kuizima klorini papo hapo, ili maabara iyaone maji kama anavyoyanywa mtu wa kioskini. Ukiusuuza, umemwosha shahidi kabla hajasema.

Nilitaka kubisha, ila kumbukumbu ilikuwa imeshanitangulia. Zamani mzee wa maabara alikuwa akitupa chupa tupu za kioo pamoja na kichupa cha dawa. Tulisuuza, tukadondosha matone mawili, tukajaza. Miaka miwili iliyopita mzee alistaafu, zikaja chupa za plastiki zilizofungwa, na kile kichupa hakikuja tena. Tukasema basi, mambo ya kisasa, dawa haihitajiki. Karatasi ya maelezo ilikuwemo katika kila boksi. Moja tuliikunja tukaiweka chini ya mguu wa friji uliokuwa ukichezacheza. Tena mimi nilikwenda kumgombeza mtunza stoo kwamba chupa zake zina vumbi, na maskini alianza kuyafunika maboksi kwa turubai. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Mbona jana hukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema jana, ungenisikia?"

Miaka miwili ya visahani vyeupe haikuwa imesema lolote kuhusu maji. Na mjukuu wangu alikuwa akinyweshwa maji yaleyale kwa kijiko, tangu jana, kama dawa.

Nilitoka kwenda kupiga simu, lakini meneja alinikuta mlangoni, akanivuta ofisini kwake na kufunga. Fundi alikuwa ameshampasha habari. Mezani kulikuwa na fomu ya ushahidi. Kanuni inataka kila mchotaji amwandikie mwenzake kama alichota sawasawa, na yangu juu ya mkaguzi ilikuwa bado tupu. Shemeji alisema nilichomwambia jana ndicho nikiandike, kwamba kidole kiligusa mdomo wa chupa. Sampuli ya bondeni itahesabika imeharibika, tutachota nyingine, jibu litoke kesho. Nisipoandika hivyo, kanuni inasema watu watangaziwe ndani ya saa ishirini na nne. Kibali kitasimamishwa, na majibu yote ya miaka miwili yatafutwa, yote yakiwa na saini yangu. Hakuwa mtu mbaya. Jasho lilimtoka shingoni alipoisukuma fomu ile mbele yangu.

"Shemeji," akasema, sauti chini, "mpigie binti yetu achemshe. Kile kichanga ni mjukuu wangu pia. Wengine tutawaambia kesho, tukiwa na hakika."

Naona aibu kuandika hili, lakini nilishukuru. Kwa dakika nzima niliona ni jambo la busara. Nilitoka koridoni, nikapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Nilijiona nimesimama nimebana simu sikioni huku namwomba Mungu kwa maneno ambayo sijayatumia tangu mazishi ya mume wangu. Mara ya tatu mwanangu akapokea, akinong'ona, kwa sababu mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala.

"Acha kumpa hayo maji," nilimwambia. "Yaliyochanganywa yamwage. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje."

"Mama, ulisema nisichemshe."

"Nilisema. Nimekosa, mwanangu."

Sikumbuki kama niliwahi kumwambia maneno hayo tangu nimzae. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake ndoo ikisogezwa sakafuni. Nilidhani atalia au atanilaumu, nikajiandaa kwa vyote viwili.

"Na jirani zangu?" akauliza.

"Jirani wapi?"

"Wote, mama. Mama Pacha, wa nyumba ya kona, yule bibi anayelea wajukuu. Waliniuliza mbona sichemshi. Nikawaambia mama yangu ndiye anayeyapima. Wameacha kuchemsha kwa maneno yangu."

"Watatangaziwa kesho," nikasema, na nikayasikia maneno ya shemeji yakitoka kinywani mwangu mimi.

"Kesho?" akasema mwanangu.

Nilimsikia akimbeba mtoto mgongoni, kitoto kikilia kwa sauti nyembamba isiyo na nguvu, kisha mlango ukafunguliwa. Simu hakuikata. Nilisikia hatua zake, nikasikia akipiga hodi, na sauti ya mwanamke ikimkaribisha. "Usiyanywe hayo maji," mwanangu akasema. "Mama kanipigia, anasema alikosea." Akaenda mlango wa pili, akasema vilevile. Akaenda wa tatu. Mtoto wake anaumwa, hospitali inamngoja, na yeye anazunguka na kosa langu mlango kwa mlango. Nilimpigia kelele kwenye simu aende, aende hospitali, wengine niachie mimi, mpaka wahasibu wakatoa vichwa madirishani.

Nilirudi ofisini. Fomu ilikuwa palepale. Niliandika kwamba mkaguzi alichota sawasawa, na kwamba nilichomwambia meneja jana sikukiona. Chini yake, mahali palipoandikwa maoni mengineyo, niliandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisuuza dawa, kwa miaka miwili, vituo vyote. Nafasi haikutosha, nikageuza karatasi. Shemeji alisoma, akavua miwani, akajifuta uso mzima kwa kiganja.

"Umetumaliza," akasema.

Nilimwambia nimejimaliza mimi kwanza, na kwamba tukiendelea kukaa pale tunahesabu nani kamalizwa, bondeni wanachota. Nitampa haki yake: hakubishana tena. Aliinua simu mwenyewe, akaamuru koki kuu ya bondeni ifungwe na lori la maji lipelekwe, na gari la tangazo lijaziwe mafuta. Mkaguzi, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni, aliuliza nani atasema kwenye kipaza sauti. Nikasema wanaifahamu sauti yangu.

Tulizunguka bondeni hadi saa nane mchana. Nilisema maji ya bomba yasinywewe, ya akiba yachemshwe, aliye na mgonjwa asingoje. Nilitaja na jina wanaloniitia. Watu walitoka milangoni na ndoo mikononi, wakasimama kutazama gari. Hakuna aliyenitukana. Ningependelea wanitukane. Karibu na kioski mafundi walikuwa wameshachimba, na pale chini bomba letu lilikuwa limepasuka, limelala ndani ya maji meusi ya shimo la choo. Halikuwa limepasuka jana wala juzi. Kutu ya ufa wake ilikuwa nene.

Saa tisa nilifika hospitali na koti langu jeupe la kazi. Mjukuu alikuwa amewekewa dripu kichwani, kwa sababu mkononi mshipa haukuonekana. Muuguzi alisema kafikishwa kwa wakati, ila kwa umri wake usiku huu ndio utakaosema. Mwanangu alikuwa ameshika mguu wake mdogo kwa vidole viwili. Nilipomgusa bega hakuusogeza mkono wangu, wala hakugeuka.

Vitanda viwili vya jirani vilikuwa na watoto wa mtaa uleule. Kwenye cha karibu alilala mtoto wa miaka mitatu hivi, midomo imekauka, na mama yake ameketi ukingoni akimpepea kwa kipande cha boksi. Aliitazama nembo ya mamlaka kwenye koti langu, kisha akanitazama usoni.

"Wewe ndiye unayeyapima?" akauliza.

Ningeweza kusema ni wengi tunaopima. Mwanangu alikuwa anasikia, ingawa hakugeuka.

"Ndimi," nikasema.

Alisogea kidogo, akaacha nafasi kando yake kitandani.

"Basi kaa hapa," akasema. "Umtazame na wangu."

Nikakaa.