Jina la Emeriki kwenye Spika

1.

Wewe mwenye mtoto mkubwa aliyefiwa, soma hii. Nimeishia darasa la saba na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini nilichokiona nimekiona. Mimi ni Egidia. Binti yangu ni Leokadia. Mwanawe alikuwa Emeriki, miaka minne. Homa ya siku mbili.

Basi.

2.

Vitu nilivyoviondoa nyumbani baada ya arobaini:

kaptula tatu
sahani ya plastiki yenye jogoo
kandambili ya kushoto (ya kulia sikuiona)
jina lake

Nilisema humu ndani lisitajwe tena, linamchoma mama yake. Majirani wakanisifu. Walisema nina moyo.

3.

KADI YA KLINIKI: AFYA YA AKILI
Jina: Leokadia. Umri: 26.
Maelezo: Halali usiku. Halii. Anasikia mtoto akimwita.
Dawa: Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula.
ASIACHE DAWA BILA KUONANA NA DAKTARI.
Msimamizi: Mama mzazi.

Msimamizi ni mimi. Nilitia saini.

4.

Kwa chaki, kwenye ubao wa banda la video, karibu na mashine ya mpunga:

LEO SAA NANE MCHANA
MAMA ALIYEKATAA KUZIKA
YA KIKOREA. IMETAFSIRIWA NA DJ TINDO
WATOTO WABAKI KWAO

5.

Yaliyosikika kwenye mabenchi:

"Dada Leo, kaa chini bwana, kichwa chako si kioo!"
"Mwache, huyu kaja mara ya tano."
"Mara ya tano? Anasomea?"

6.

Hii ni sauti ya DJ Tindo, kama inavyotoka kwenye spika. Nyie mnajua watafsiri wetu: hawaiachi filamu ipite hivihivi, lazima waingize watu wa mtaani.

"Haya wanangu! Mama huyu mtoto wake kazama ziwani. Jina lake la kwao mimi siliwezi, ulimi wangu ni wa ugali. Tunamwita Emeriki! Salamu kwa Emeriki wetu wa benchi la mbele, pumzika mdogo wangu. Sasa cheki, mama anamwaga vidonge kwenye sinki. Anasema, 'Nikivimeza simsikii mwanangu.' Weee! Mlango huo! Unafunguka wenyewe! Emeriki huyo, kalowa chapachapa, anasema, 'Mama, mbona ulikuwa huniiti?'"

7.

Hii ni ya Leokadia. Aliniambia baadaye, naiandika alivyosema.

"Mama, nilisikia jina lake mbele za watu. Kubwa. Mpaka bati likatetemeka. Nyumbani lilikuwa limekufa kuliko hata yeye. Nikajua wananiambia mimi. Nikarudi, nikavimwaga vidonge chooni. Siku ya tisa akaja. Alikuwa amelowa, mama, na alikuwa ana—"

8.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, walimkuta Leokadia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, maji kifuani, kandambili ya kulia mkononi. Anaita.

Anaita.

Mzee wa zamu ya maji akafunga lango, maji yakapungua taratibu hadi magotini mwake. Ndipo akakubali kushikwa mkono.

9.

OFISI YA MTENDAJI WA MTAA
YAH: MALALAMIKO YA BI EGIDIA DHIDI YA BANDA LA VIDEO
Mlalamikaji anadai filamu husika imemharibu akili binti yake. Banda linasimamishwa kwa siku saba. Pande zote zifike ofisini bila kukosa.

10.

Sikusubiri siku saba. Nilimfuata Tindo kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niwashie hiyo filamu. Na hayo maneno yako yatoe."

"Nikiyatoa hutaelewa, mama."

"Wewe Kikorea umekisomea wapi?"

Akajikuna shingo. "Sikijui. Naangalia nyuso, naweka maneno."

"Mungu wangu. Na ya vidonge?"

"Niliweka tu. Naona mwanamke anamwaga, nasema kitu. Emeriki nilimwita kwa heshima, mama. Alikuwa mteja wangu, hata hajui kuvaa viatu."

Nilitaka kumpiga kofi. Filamu ikaanza.

11.

Msomaji, sijui niseme vipi.

Nilidhani nitaona mashetani. Niliona nyumba. Nyumba safi, imefagiwa mno. Na nyuma ya kila mlango, kila mara yule mama aliyefiwa anapolia, alikuwa amesimama bibi mmoja mwenye koti la kijani. Haongei. Mwanzo mpaka mwisho haongei. Anachukua kiatu cha mtoto, anaficha. Anageuza picha ukutani. Anapika, anafuta meza, anaondoka.

"Huyu nani?"

"Nani? Aa, huyo. Huyo nilimruka, mama. Hana maneno."

Hana maneno.

Watu wa nchi ambayo sitaifikia hata kwa ndoto walinijuaje? Nani aliwapa nyumba yangu?

12.

ONYO. Nilianza kuandika karatasi hii ili kuwaambia: zuieni watoto wenu wasiende kwenye banda la video.

Nalifuta hilo.

Onyo lenyewe ni hili: dawa zihesabiwe, kadi ifuatwe, mgonjwa aangaliwe akimeza. Na marehemu atajwe nyumbani, mezani, mchana kweupe. Mkilifukuza jina lake, mwenye uchungu atalifuata popote linapotajwa, hata kama anayelitaja hajui anachosema.

13.

Asubuhi ya leo. Uji, kikombe cha maji, kidonge kwenye kiganja cha Leokadia. Siku mbili sasa anakishika hivyo, kinayeyuka, nampa kingine.

Nikasema:

"Emeriki."

Akainua macho polepole.

"Sema tena."

"Emeriki. Emeriki wetu."

"Alikuwa anakuogopa ukikohoa," akasema. "Anajificha ndani ya kapu."

"Kapu lipi?"

"Hukujua?" Akacheka. Nusu kicheko, kikakatika. Akakiangalia kidonge. "Mama, nikimeza hiki simsikii tena. Kweli simsikii. Utanisimulia wewe?"

"Nitakusimulia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Anza."

Na mimi niliyefagia kila kitu, nilisimama na mwiko mkononi, natafuta. Kiganja chake kilikuwa wazi.

"Siku aliyozaliwa," nikasema, "mvua ilikuwa imekatika muda huohuo tu, na nesi akanipa mimi nimshike kwanza, kabla yako, na yeye akafumbua jicho moja, moja tu, akaniangalia."