Achilia Kitufe

Jepkemei alikuwa na mdomo, na hakuna aliyebisha. Kwao Elburgon walimwita redio kabla hajawahi kushika redio yoyote. Kwa hivyo alipofika chuo akasikia kuna chama cha wanafunzi wanaoongea na dunia nzima kwa mitambo, bila simu wala bando, alisema, ala! Hapa si ndio nyumbani?

Aliyempeleka ni Kimeli, kijana wa mwaka wa tatu, jirani yao wa kule kule Elburgon. Mwenyekiti wa chama, Kiarie, alimsikiliza huyo msichana akiporoja bila kituo, akajikuna kichwa. Sheria yao ilikuwa ngumu: mgeni anakaa muhula mzima akisikiliza tu.

"Muhula mzima?" Jepkemei aliruka. "Si nitapasuka!"

"Redio koli si simu, madam," Kiarie alisema. "Ukibonyeza hiki kitufe, umetuziba mdomo sisi wote, na wewe mwenyewe hutusikii. Unabonyeza, unasema, unaachilia. Usipoachilia, hata mtu akiwa anakufa hatamfikia yeyote."

Maneno huumba, jamani.

Muhula haujafika hata katikati, chuo kikapanga matembezi ya kuteremka shimo la Menengai. Kule chini simu hazishiki, kwa hivyo chama kiliombwa watu watatu wenye redio. Kimeli angeteremka na wanafunzi, aitwe Shimo. Kiarie angebaki langoni na gari na nesi, aitwe Lango. Sauti ya Shimo haikufika Lango moja kwa moja, basi mtu wa tatu alitakiwa kusimama ukingoni, apokee huku na kupitisha kule. Yule wa ukingoni akaamka na malaria.

"Mpeni Jepkemei," Kimeli alisema. "Akikosea, niulizeni mimi."

Kiarie hakupenda. Alijua, kama walivyojua watu wote wa Elburgon, kwamba Kimeli alikuwa na adui mmoja duniani, naye ni nyuki. Utotoni alidungwa na mmoja tu, akafura koo nusura afe. Na mawe ya Menengai yamejaa nyuki.

"Wacha wasiwasi, boss," Kimeli alicheka. "Sindano yangu iko na nesi, nesi ako na wewe, na wewe uko na redio."

Asubuhi ile Jepkemei alisimama ukingoni, redio shingoni kama alivyofunzwa, moyo ukimruka kwa furaha. "Shimo, Shimo, hapa Ukingo!"

"Ukingo, nakupata vizuri sana, msichana wa kwetu," Kimeli alijibu kutoka chini, na Tabby, rafiki yake aliyemsindikiza, akasikia akitajwa hivyo. Jepkemei alijiona mtu.

Kisha upepo ukaja, ule wa Menengai unaoingia mpaka kwa mifupa. Redio ikamganda mkononi. Akaivua shingoni, akaisukuma ndani ya mfuko wa jaketi, akaketi kwenye jiwe na Tabby, akakumbatia begi lake kifuani apate joto. Begi likakandamiza mfuko, mfuko ukakandamiza kitufe. Akaanza stori. Alimwigiza Kiarie na sheria zake, akaimba nyimbo za kwaya, wakacheka mpaka machozi.

"Leo kumetulia kweli," alimwambia Tabby. "Hata hawaniiti."

Ole wake! Walikuwa wakimwita wote.

Alimwona Kiarie akija mbio kwenye ukingo, jasho likimtoka, mkono juu. "Achilia! Achilia, we mtu! Toa hiyo kitu mfukoni!" Jepkemei akaivuta. Ilikuwa na joto kama kiazi cha kuchoma, na taa yake nyekundu inawaka. Alipoachilia kitufe tu, ikalia kwa sauti ya Wasike, mwanafunzi aliyekuwa chini: "Ukingo... mtu yeyote, tafadhali... amefura, hapumui vizuri..."

Nesi aliteremka mbio na sindano. Alikutana nao njiani wakiwa wamembeba Kimeli kwenye jaketi zao, na sindano haikuwa na kazi tena.

Wasike alisimulia baadaye, bila kumtazama Jepkemei. Kimeli alidungwa na nyuki akimfunika msichana aliyejikwaa. Alishika redio, akasikia wimbo, hata akatabasamu. "Ni msichana wa kwetu, atamaliza saa hii." Akangoja. Koo lilipoanza kuziba alikuwa bado ameiweka sikioni, akisema, "Jep, nyamaza basi. Nyamaza kidogo tu."

Chama kina desturi yake. Mwenzao akifa, baada ya mazishi wanakusanyika kwenye chumba cha mitambo, mmoja anamwita hewani mara ya mwisho, kisha kituo chake kinafungwa. Walirudi kutoka Elburgon na matope ya kaburi kwenye viatu. Kiarie akawasha mashine, akamsogezea Jepkemei kipaza sauti.

"Mimi siwezi," Jepkemei alilia. "Mpe mtu mwingine. Mimi ni mgeni, mlisema mgeni anasikiliza tu."

"Alisema ukikosea tumuulize yeye," Kiarie alisema, macho mekundu. "Haya. Muulize."

Jepkemei akabonyeza. "Shimo," alisema, akaanza upya. "Shimo, Shimo, hapa Ukingo."

Akaachilia upesi, akaweka sikio kwenye mashine. Hakuna aliyejibu. Baada ya muda Kiarie aliizima mashine, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, lakini Jepkemei hakuondoa sikio.